Zawadi ya mwalimu wa darasa la kwanza shule zikifungwa, nitoe nini na nitoeje?

mama_wa_mbagala

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo yenu maana leo siku ya tatu nawaza hili jambo na shule inafungwa ijumaa ya wiki ijayo.

Kijana wangu yuko darasa la kwanza shule ya serikali huku Mbagala. Mpaka mwezi wa tano alikuwa hajui herufi, na sisemi hajui vizuri, hajui kabisa, b na d kwake kitu kimoja, ba be bi bo bu anaimba kama wimbo lakini ukimwandikia bo peke yake anakuangalia tu. Mimi natoka nyumbani saa 11 alfajiri narudi saa 2 usiku, baba yake anaendesha malori ya Tunduma, kwahiyo nyumbani hana wa kumfundisha. Mwalimu wake akaniita. Nikajua leo nasemwa. Akanikalisha kwenye dawati la watoto akaniambia mama, huyu mtoto si mzito, anakaa nyuma ubao hauoni vizuri na anaogopa kukosea wenzake wakamcheka, niachie mimi. Akamleta mbele. Halafu kila siku baada ya kengele ya kutoka akawa anabaki na huyu wangu na wenzake wanne, kama dakika 20 hivi, amekusanya vizibo vya soda kila kizibo kaandika herufi kwa maka peni, wanapanga maneno chini sakafuni. Darasa lina watoto 130 na ushee jamani, na hajaniomba hata shilingi ya tuisheni.

Mwezi wa tisa tuko kwenye daladala mtoto akaniambia, mama pale pameandikwa usitoe kichwa nje. Nilishindwa kujizuia, nililia palepale kwenye siti watu wananiangalia.

Sasa shida iko hapa. Tuna grupu la wasapu la wazazi wa darasa, juzi admini kaweka tangazo kila mzazi atoe 10,000 ya zawadi ya mwalimu, mwisho jumapili, na kuanzia jana kila jioni inawekwa orodha, aliyetoa ana tiki, ambaye hajatoa jina lake liko wazi. Kuna mama mmoja anauza mihogo stendi, ana watoto watatu shule hiyohiyo, jana kanifuata kwa sauti ya chini ananiuliza, eti nisipotoa mtoto atarudishwa nyumbani? Roho iliniuma sana.

Kwahiyo nauliza, nitoe ya grupu na yangu pia au nichague moja? Mi nataka nimshukuru huyu mwalimu kwa mkono wangu mwenyewe. Na nimpe nini, hela naona kama namvunjia heshima, bajeti yangu haizidi 20,000. Halafu kuna jirani kaniambia zawadi kwa mwalimu wa serikali ni rushwa, hii ni kweli?

tabata_kimanga

Dada pole na hongera kwa kijana. Mimi mwaka jana ndo nilikuwa natunza hela za grupu kama hilo nikuambie kilichotutokea.

Orodha na sisi tuliweka, na nia ilikuwa safi kabisa, wazazi wenyewe walitaka waone hela yao imefika isije ikasemwa mtunza hela kala. Siku ya nne mama mmoja akajitoa kwenye grupu saa 5 usiku bila kusema kitu. Nikampigia asubuhi. Kumbe mwanae alirudi shuleni analia, mwenzake kamwambia mama yako hajachangia zawadi ya ticha. Huyo mwenzake kaisoma wapi? Kwenye simu ya mama yake! Tunawafundisha watoto kusoma halafu tunawawekea vitu kama hivyo wavisome, mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu orodha ile niliiandika mimi kwa vidole vyangu.

Tukaifuta. Tukasema namba ya mpesa ni hii, anayetaka atume chochote kuanzia jero (mia tano), mimi kila jioni natangaza jumla tu, na wazazi wengine wawili wanaiona taarifa ya simu yangu wanahakiki. Jumla ilipatikana pungufu kidogo tu ya ile tuliyopanga. Mwambie admini wako taratibu, mfuate inbox usimseme mbele ya watu, naamini ataelewa.

Mwl_KKK

Mimi ni mwalimu, nafundisha darasa la kwanza na la pili mwaka wa 17 sasa, mkoa naomba nisiutaje. Nimesoma hiyo habari ya vizibo nikatabasamu, maana na mimi ninavyo kwenye kopo la rangi, sasa hivi f zimefutika inabidi niziandike upya.

Mama, nikujibu kama mwalimu. Kwanza ujue hatutegemei. Walimu wa madarasa ya chini hawakumbukwi kabisa, mahafali ni ya darasa la saba, picha zinapigwa na mwalimu wa darasa la saba, matokeo yakitoka anasifiwa wa darasa la saba, na sisi tuliomshika mtoto mkono kalamu inamtetemeka hakuna anayetuuliza. Tarehe 5 Oktoba ni Siku ya Walimu Duniani na kwetu inapita kama jumatatu nyingine yoyote. Kwahiyo wewe kuja tu ukasema asante, hiyo siku mwalimu wako hataisahau.

Nini cha kutoa. Kabatini kwangu kuna seti sita za glasi na saa nne za ukutani na nyumba yangu ina ukuta mmoja wa kutundika saa. Sisemi kwa dharau, kila kimoja namkumbuka aliyenipa, lakini mzazi asijiumize akakope kwa ajili ya seti ya glasi. Vitu ambavyo nimevitumia mpaka vikaisha ni boksi la kalamu nyekundu (unajua kusahihisha madaftari 130 kalamu inakaa siku ngapi?), manila, maka peni, gundi. Hivyo vyote vikipungua tunanunua kwa hela yetu. Doti ya khanga pia hakuna mwalimu wa kike anayeikataa, na wa kiume kampelekee mkewe au mama yake. Kuna mwaka babu mmoja alimtuma mjukuu wake na jogoo, mtoto kamfunga kamba mguuni kamkumbatia kifuani kutoka kitongoji cha pili huko, kafika shati limejaa manyoya, ananiambia babu kasema huyu ni wako usimwache akalala nje. Jogoo yule nilishindwa kumchinja miezi minne.

Lakini kitu ninachokitunza kweli ni barua. Ninayo bahasha ya kaki ina barua 11 za watoto. Moja imeandikwa hivi, mwalimu nakupenda kwasababu hukunichapa nilipokojoa. Basi. Mistari miwili. Siku nikiwa nimechoka nimeshikwa na mikopo na kila kitu naifungua ile.

Na kuna barua nyingine ambayo wazazi hawaijui nguvu yake, andika kwa mwalimu mkuu ukurasa mmoja, eleza mwalimu fulani kafanya hiki na hiki kwa mtoto wangu, na nakala peleka kwa afisa elimu kata. Ofisini kwetu zinakuja barua za malalamiko tu. Ya shukrani ikiingia inasomwa kwenye kikao cha walimu, inawekwa kwenye jalada, na haikugharimu kitu.

Kinachotukwaza ni mzazi kuleta zawadi wiki moja kabla ya mtihani, hapo hata kama ana nia njema mimi mkono unakuwa mzito kupokea. Na kingine ni kuniletea mbele ya darasa. Watoto 130 wananiangalia, na wapo ambao nyumbani hawakula jana. Njoo siku ya kufunga, ripoti zimeshagawiwa, pitia ofisini kwa mkuu umwambie nimekuja kumshukuru mwalimu, mambo yawe wazi.

baba_dodoma

Shikamoo mwalimu. Mimi nitatofautiana na nyie kidogo, mnivumilie.

Jirani yako hajakosea sana dada. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haina kiwango kwamba chini ya elfu fulani ni zawadi na juu yake ni rushwa, inaangalia kile kitu kimetolewa kwa ajili gani, kama ni kishawishi au malipo ili mtu afanye au asifanye jambo la kazi yake. Khanga inaweza kuwa rushwa na gari linaweza lisiwe. Na hiyo ya grupu kupangia watu 10,000 ndo mbaya zaidi kuliko zawadi yako, maana ada na michango ya lazima shule za serikali ilifutwa kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, watoto wakaanza kusoma bure Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akarudia tena kwa ukali kwamba mtoto asirudishwe nyumbani kisa mchango. Sasa wazazi wenyewe ndo tunaurudisha kupitia wasapu, tena kwa tiki. Mwambie huyo mama wa mihogo alale usingizi wake, hakuna mwenye mamlaka ya kumrudisha mtoto wake.

Nchi hii tulishawahi kuchezea maneno. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikaruhusu takrima, eti ni ukarimu wetu wa kiafrika kumkaribisha mpiga kura, mpaka 2006 Mahakama Kuu ikasema hapana, hii ni kinyume cha katiba. Mgombea alikuwa anagawa sukari anaita ukarimu. Kwahiyo mi nikisikia zawadi kwa mtu anayemtahini mwanangu nasimama kwanza nafikiri.

Nina sababu. Binti yangu alipokuwa darasa la tatu shule moja ya kulipia tulimpa mwalimu simu, tukiwa wazazi sita. Muhula uliofuata wale watoto sita wote walipanda, wangu akashika wa nne kutoka wa 21. Nyumbani nikimpa hesabu hajui. Alikuja kuanguka upimaji wa darasa la nne na mimi ndo niliyemwangusha. Tangu hapo natoa barua tu.

Mwl_KKK

Marahaba baba. Nakuelewa na pole kwa binti. Hiyo simu mngempa mwalimu siku binti anahama darasa lake moja kwa moja, haifundishi wala haimsahihishii tena, isingekuwa na la kununua. Mtoto wa huyu mama mwakani anaenda kwa mwalimu mwingine, ndo maana kwake sioni shida.

forodhani_jioni

Assalam aleikum. Huyu mwalimu kasema neno ambalo sisi visiwani wazee wetu walishaliwekea jina zamani, ni kilemba.

Zamani mwanagenzi anajifunza useremala au ushoni kwa fundi, miaka anakaa, siku akifuzu ndio wazee wake wanakwenda kwa fundi na kilemba. Huwa kweli kitambaa cha kilemba au huwa pesa lakini jina ni hilo hilo. Kilemba hakitangulii kazi. Na chuoni, yaani madrasa, vivyo hivyo, mie nimesoma chuo Malindi ya Unguja, siku nnahitimu msahafu mama aliamka usiku akapika, sinia la biriani limefunikwa kawa, halua na kahawa pembeni, na kanzu mpya imekunjwa juu ya trei ya mwalimu. Nikatakiwa nisome mbele za watu kwanza. Nimesoma, sauti inanikauka, nimemaliza, ndipo baba akamkabidhi mwalimu kanzu ile. Yaani mwalimu anapewa na watu wote wameshasikia kwa masikio yao kwamba mtoto kasoma. Hapo nani atasema rushwa?

Kinyume chake ni kile tunachokiita kilemba cha ukoka, unamvika mtu sifa na vitu ili akufae. Ile simu ya baba Dodoma, anisamehe, ilikuwa ukoka.

Kwa hivyo dada usiogope, mwanao keshasoma daladala zima. Peleka kilemba. Na mtoto aende mwenyewe, asiachwe nyumbani.

mzazi_likoni

Salama jamani. Mimi niko Mombasa, wangu yuko gredi ya 2. Huku kwetu nako mambo ni haya haya ya kuchanga kwa simu, na mimi nilishawaambia wenzangu mzazi atoe alichonacho.

Nataka tu kuongeza jambo moja kuhusu leso, nyinyi mwaiita khanga. Kabla hujalipa isome jina lake! Uifungue yote, usitazame rangi na mji (ule uwanja wa katikati) pekee. Mwaka juzi tulimnunulia mwalimu leso nzuri sana, nyekundu na nyeupe, pindo limetulia, tukaifunga kwenye karatasi ya zawadi, kufika pale mwalimu aifungua imeandikwa ASANTE YA PUNDA MATEKE. Hakusema kitu, aliikunja polepole. Mimi ndiye niliyeichagua na niliiona rangi tu. Nilimfuata kwake jioni kumuomba radhi na nikampelekea nyingine, alinipokea vizuri, lakini ule uso wake alipokuwa akisoma bado nauona.

tabata_kimanga

Dada mzazi wa Likoni asante sana, hii kila mtu aisome kabla hajaenda dukani.

mama_wa_mbagala

Wakuu nimerudi, shule imefungwa jana, nimeona sio vizuri mnisaidie halafu ninyamaze.

Admini nilimfuata inbox kama nilivyoelekezwa, nikamweleza ya yule mtoto wa Tabata. Alikaa muda hajajibu, baadae akanipigia, akasema hakuwahi kufikiria watoto wanasoma simu. Orodha aliifuta usiku uleule akaandika kwamba anayeweza na atoe anachoweza, na asiyeweza mtoto wake aandike barua. Mi nilitoa 5,000 huko, zikanunuliwa boksi mbili za kalamu nyekundu na bleki, manila na katoni ya chaki, na nguo moja ya kitenge.

Yangu niliamua ni khanga. Jumamosi nikamchukua kijana tukaenda Kariakoo, maduka ya mtaa wa Uhuru, na nikakumbuka maneno ya mzazi wa Likoni nikamwambia muuzaji nifungulie yote. Muuzaji akaitandaza kwenye kaunta. Kabla sijainama kusoma mtoto kashaweka kidole juu ya kitambaa. MA JU NGU SI M TA JI. Akaniangalia, mama majungu ni nini? Nikasema hiyo hapana, tuletee nyingine. Tulifunguliwa kama saba na zote alizisoma yeye, muuzaji akaacha kuzikunja akawa anasikiliza, na wateja wawili nao. Kwenye moja ilikuwa na neno refu kwelikweli akakwama katikati, akarudi mwanzo mwenyewe bila kuambiwa akaanza tena. Huko kurudi mwanzo najua kajifunzia wapi. Tukachukua ya bluu yenye WEMA HAUOZI.

Barua ya mwalimu mkuu niliandika, ukurasa mmoja na robo, nakala ya afisa elimu kata nimeipeleka kwa mkono wangu ikagongwa muhuri. Baba Dodoma nilikusikiliza pia, nilipitia kwanza kwa mkuu nikamwonyesha nilichobeba, akasema hamna tatizo mama nenda.

Mwalimu alikuwa amebaki peke yake darasani anafunga madirisha. Kijana akampa khanga kwa mikono miwili. Mwalimu hakusoma ile jina, akamwambia nisomee wewe, wakaishika pande mbili kama watu wanaokunja shuka, akasoma mara moja bila kukata. Forodhani nilikukumbuka hapo. Mwalimu akajitupia begani palepale juu ya nguo yake ya kazi.

Tukiwa tunatoka ndo akaingia yule mama wa mihogo na binti yake. Hana hela ya zawadi alishaniambia. Kumbe wiki nzima amepita kwenye vibanda vyote vya stendi anaomba vizibo, wameviosha kwa sabuni na majivu, kabeba mfuko wa kilo mbili umejaa. Mwalimu alivimwaga juu ya meza vikalia kama mvua ya bati, akakaa chini kwenye kiti akawa anavigusa tu haongei.

Basi mimi niliyekuwa naaga sikuondoka tena. Mwalimu katoa maka peni tatu kwenye droo tukakaa wote watano kuandika herufi za watoto wa mwakani. Kijana wangu kapewa k. Kaandika 20, mbili zimeangalia nyuma, mwalimu akamwonyesha, kazifuta na mate kaandika tena.